Gari Linamisi, Linazima, Halipandi Mlima: Anzia Tenkini, Nozo Baadaye

Mafundi wa hapa Nyakato, Mwanza, tuna ugonjwa mmoja, na mimi niliuugua miaka yangu yote ya mwanzo. Mteja anafika na gari lisilo na nguvu, na kabla boneti haijafunguka fundi ameshatoa hukumu: "Nozo hizo, kaka. Tuzisafishe." Nozo zinavuliwa, zinaoshwa, zinarudishwa, pesa inalipwa. Siku ya nne mteja yuko getini tena, na safari hii hata salamu hatoi.

Nozo ndiyo inayopokea mafuta mwisho. Yanatoka tenkini, pampu inayasukuma, yanapita kwenye filta, yanafuata laini mpaka kwenye reli (bomba linalogawia nozo mafuta), ndipo nozo inayapuliza kwenye injini. Uchafu uliokwama kwenye nozo umeshapita kote huko, na wenzake bado wako njiani. Kuosha nozo peke yake ni sawa na kuzoa taka za Mto Mirongo pale unapoingia ziwani wakati huko juu watu wanaendelea kumwaga.

Dalili nimezipanga kwa namna zinavyoniingilia gereji. Nyingi ni za magari ya petroli tuliyoyazoea: IST, Vitz, Probox, Spacio na ndugu zao. Dizeli nimeigusa mwishoni.

Kwanza usijichome

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai, unaambaa chini, unajaza shimo la gereji na kutambaa mpaka kwa jirani. Na jirani wa gereji nyingi za Mwanza ni mama ntilie mwenye jiko la mkaa. Ukitaka kufungua laini au kutoa pampu, mwambie kwa heshima, "Mama, tunafungua mafuta hapa, tunaomba nusu saa," au sogeza gari. Mimi nimekuwa nikisogeza gari, maana wali wake una wateja kuliko mimi.

Laini ya petroli ina presha hata injini ikiwa imezimwa. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa gari liungurume mpaka lizime lenyewe, kisha toa waya wa hasi wa betri. Weka kitambaa juu ya jointi unapoifungua. Mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe karibu, na usiwe ule uliokwisha ukabaki pambo ukutani.

Halafu kuna hili la kunyonya petroli kwa mdomo kwenye mpira. Acheni. Tone likiteleza kuingia kwenye mapafu linayaunguza, na mtu anaweza kulazwa. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe hospitali. Pampu ya mkono ya plastiki si ghali.

"Lilikuwa zima mpaka nilipojaza mafuta"

Mteja akisema hivi, mimi huacha kila kitu nikamsikiliza yeye kwanza. Alijaza wapi, lini, kiasi gani, kwa pampu ya sheli au kwa dumu? Sindano ilikuwa wapi kabla ya kujaza? Gari lililokwenda kilomita 10 ndipo likaanza kukohoa na gari lililozima kabla ya kutoka sheli hayana ugonjwa uleule. La pili karibu kila mara ni maji mengi.

Usibishane, pima. Chukua chupa safi ya kioo, toa mafuta kutoka chini ya tenki (kwa bolti ya kumwagia kama ipo, au kwa kuchomoa laini na kuiacha pampu isukume), jaza chupa robo tatu, iache itulie nusu saa kivulini. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yatakaa chini, na utaona mstari unaoyatenganisha. Kama huna uhakika na macho yako, dondosha rangi ya chakula ya maji: haichanganyiki na petroli, itazama na kupaka rangi yale maji tu. Ukiona kutu, mchanga au nyuzinyuzi nyeusi, hizo nazo zinakueleza habari za tenki.

Kipimo cha pili ni karatasi nyeupe. Dondosha tone moja, pepea, subiri. Petroli safi hukauka ikaacha alama hafifu au isiache kabisa. Iliyochanganywa na mafuta ya taa au oili huacha doa la mafuta linalong'aa ukiliinua kwenye mwanga. Hiki si kipimo cha maabara, lakini kimeniokoa na kazi nyingi za bure.

Kuhusu mafuta ya taa, wenye umri wangu mnakumbuka neno "kuchakachua" lilivyovuma nchi nzima likitokea hapohapo kwenye mafuta, kabla halijahamia kwenye kura na vyeti. Mafuta ya taa yalikuwa bei ya chini, kwa hiyo yalimwagwa kwenye petroli na dizeli. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba (alama za kemikali za kugundua uchakachuaji) kwenye mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei zikaribiane na faida ya mchezo ipungue. Tangu hapo ninaona kesi chache za mafuta ya taa na nyingi za maji na uchafu. Zikitokea, utazijua: injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo ukikanyaga kwenye mlima, asubuhi inawaka kwa taabu, na ekzosi inanuka kibatari.

Maji yanatoka wapi? Mengine kwenye matenki ya chini ya ardhi ya sheli baada ya mvua za masika, mifuniko ikiwa imelegea. Mengine ni ya kwetu wenyewe: mfuniko wa tenki la gari wenye mpira uliokatika, ukioshewa gari kwa pampu ya maji yenye nguvu. Nikikuta lori linashusha mafuta sheli, mimi hupitiliza, kwa sababu kumimina maelfu ya lita huvuruga kilichokuwa kimetulia chini.

Ila chanzo ambacho watu wa Dar hawakijui ni dumu la mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga. Aliniletea mteja mmoja IST inayofuka moshi wa buluu, plagi zote nne nyeusi, zimelowa. Fundi mwingine alikuwa ameshamwambia ringi za pistoni zimekwisha na injini ishushwe. Nikamuuliza juu ya mafuta. Akasema yaliishia njiani, shemeji yake mvuvi akamsaidia lita 10 kutoka kwenye dumu la mtumbwi. Kumbe basi! Petroli ya injini nyingi za mitumbwi huchanganywa na oili, mara nyingi lita moja kwa 50, kwa sababu injini hizo hulainishwa na mafuta yenyewe. Tulimwaga tenki, tukasafisha plagi, tukaweka petroli safi. Moshi ulifuka dakika kadhaa ukakata. Injini yake ilikuwa nzima. Angeendelea hivyo miezi, masega ya ekzosi (yale yanayosafisha moshi) na sensa ya oksijeni vingeharibika.

Dumu la mtumbwini lina mambo mengine pia. Linakaa kwenye maji ya chini ya mtumbwi, linafunguliwa mawimbi yakirusha, linawekwa juu ya mchanga. Chupa za plastiki za petroli wanazouziwa bodaboda vijijini nazo zilikuwa na soda au maji ya kunywa kabla ya kuoshwa nusunusu. Ukilazimika kutumia mafuta ya namna hiyo, yaache yatulie, mimina polepole kupitia kitambaa kinene kisichotoa nyuzi, na sehemu ya mwisho ya chini usiimimine.

Ukigundua maji, usiendelee kupiga stata ukitumaini yatapita. Vuta mafuta yote. Kama maji ni ya kijiko, inatosha kumwaga, kusukuma petroli safi kwenye laini na kubadilisha filta. Kama ni ya bilauri, shusha tenki. Na usimwage ushahidi: bakiza lita moja kwenye chombo safi kilichofungwa, tunza risiti ya EFD, nenda sheli na utulivu wako. Wakikugomea, EWURA ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, na malalamiko yenye sampuli na risiti husikilizwa kuliko yenye kelele.

Asubuhi stata ndefu, mchana linawaka vizuri

Hapa presha inashuka usiku. Ndani ya pampu kuna vali ndogo inayozuia mafuta yasirudi tenkini. Ikichoka, laini hubaki tupu mpaka asubuhi. Weka swichi kwenye "ON" sekunde tatu, zima, rudia mara tatu, kisha piga stata. Likiwaka upesi, umeshajua presha ndiyo iliyopotea. Lakini angalia: Toyota nyingi za zamani kidogo hazisukumi mafuta mpaka stata izunguke, kwa hiyo kimya cha pampu kwenye "ON" kisikufanye uihukumu. Kwa hizo, piga stata sekunde mbili, acha, piga tena, ulinganishe.

Presha ikishuka, imerudi tenkini au imevujia ndani ya silinda kupitia nozo isiyofunga. Nozo inayovuja ina ushahidi: likiwaka linatoa moshi mweusi kidogo, linanuka petroli, na ukichomoa kijiti cha oili unasikia harufu hiyohiyo. Oili yenye petroli imwagwe siku hiyohiyo, maana hailainishi tena. Bila dalili hizo, tazama vali ya pampu.

Na kabla ya yote pima betri. Stata inayozunguka kivivu hufanana sana na shida ya mafuta.

Tambarare linakimbia, mlima wa Bugando linakuwa kama limefungwa kamba

Hii ndiyo dalili ya kweli ya mafuta kutofika ya kutosha. Kutoka Nyakato kwenda Igoma halina neno. Likibeba watu watano likaanza kupanda, unakanyaga na hakuna kinachoongezeka.

Niseme jambo moja kwanza kwa wanaohamia kutoka Pwani. Mwanza iko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10. Injini isiyo na tabo (turbo) inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Vitz iliyokuwa inaruka Mbagala ikija kupooza kidogo Bwiru haijaharibika. Ninachokizungumzia mimi ni gari lililokuwa linapanda mwezi jana na leo halipandi.

Funga geji ya presha kwenye laini. Injini nyingi za petroli za aina hii, kama 1NZ ya IST, hufanya kazi kwenye bar 3 hadi 3.5. Usiridhike na namba ya injini ikiwa imetulia, kwa sababu hata pampu mgonjwa hufikisha hapo. Funga geji kwa uangalifu, mpira usiguse ekzosi, mtu aendeshe mlimani na wewe utazame. Ikishuka mpaka 2 wakati amekanyaga, ama filta imeziba ama pampu haisukumi.

Kabla hujanunua pampu, pima umeme unaoifikia. Betri inasoma volti 14 injini ikiunguruma. Zikipotea zaidi ya volti moja kabla ya kufika kwenye plagi ya pampu, tatizo ni waya, rilei au kontakti iliyoungua. Nimeona pampu tatu zikibadilishwa kwenye gari moja, ugonjwa ukiwa ni kipini cheusi chini ya siti ya nyuma.

Umeme ukiwa sawa, toa pampu. Kwa magari mengi madogo ya Toyota mfuniko wake uko chini ya siti ya nyuma, na filta iko humohumo tenkini pamoja na pampu, ndiyo maana wengi hawajawahi kuibadilisha tangu gari lishuke melini. Futa vumbi kwanza kabisa, kwa brashi kisha kwa kitambaa chenye unyevu, maana vumbi lote la barabara za Geita na Sengerema limelala juu ya mfuniko huo likisubiri ufungue. Tazama soksi, kile kichujio laini kilichovaa mdomo wa pampu. Ikiwa nyeusi au nyekundu ya kutu, angaza tochi isiyotoa cheche chini ya tenki. Kama kuna tope, tenki lishuke likaoshwe. Ukiweka filta mpya juu ya tope, utaibadilisha tena baada ya wiki chache.

Kuna fundi atakuambia filta inapulizwa na kompresa. Filta ya mafuta ni karatasi. Upepo wa kompresa unaitoboa, na kuanzia hapo inapitisha kila kitu huku inaonekana safi. Nunua mpya. Pampu ya mtumba kutoka Japani sina ugomvi nayo ikipimwa kwanza, lakini filta ya mtumba ni kununua uchafu wa Mjapani.

Presha ikibaki 3 mpaka kileleni na gari bado halipandi, acha mafuta. Tazama filta ya hewa, masega ya ekzosi yaliyoziba, au klachi inayoteleza.

Mwenye kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani anaweza kujua haya bila geji. Tazama namba ya marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, ile asilimia inayoonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza kiasi gani. Kati ya kutoa 10 na kujumlisha 10 ni hali ya kawaida. Ikiwa juu, tuseme 20, gari likiwa limetulia, kisha ikashuka ukipandisha mzunguko hadi 2,500, kuna hewa ya wizi inaingia baada ya sensa ya hewa. Ikiwa nzuri gari likiwa limetulia, kisha ikapanda gari likibeba mzigo, mafuta hayatoshi au sensa ya hewa ni chafu. Kodi P0171 (kodi ni namba ya hitilafu inayotolewa na kompyuta ya gari) inatoka kwa hali zote hizo, kwa hiyo anayesoma kodi peke yake akaishia hapo hajapima kitu.

Pampu nyingi zinaharibiwa na desturi yetu ya kuweka mafuta ya elfu tano na kuendesha taa ikiwa inawaka. Pampu iko ndani ya tenki na petroli ndiyo inayoipoza. Jitahidi sindano isishuke chini ya robo. Mfuko nao una la kusema, najua.

Linamisi

Ukisikia gari linaruka mapigo, linatetemeka na taa ya injini inapepesa, weka mafuta nafasi ya tatu. Moto wa cheche, yaani koili kisha plagi, ndio wa kwanza. Kodi ikisema P0301, silinda ya kwanza inakosa. Hamisha koili yake uipeleke ya tatu. Kodi ikihamia P0303, koili imekufa, kazi imeisha. Isipohama, hamisha plagi. Isipohama tena, ndipo uishuku nozo au mbano wa injini.

Nozo unaisikiliza: weka ncha ya bisibisi ndefu juu yake, mpini sikioni, injini ikiunguruma. Nzima hulia tik-tik-tik kama saa. Ikinyamaza, chomoa plagi yake ya umeme uipime nozo kwa mita. Nozo nyingi za magari haya husoma ohm 12 hadi 16. Kamwe usiiunganishe moja kwa moja na betri ukaiacha, koili yake ya ndani itaungua.

Linazima kwenye foleni

Gari linakwenda vizuri, ukifika kwenye foleni ya Buzuruga ukaachia mafuta, sailensa (mwunguruo wa gari likiwa limetulia) inayumba na linazima. Mara nyingi ni throto bodi, mlango wa hewa ya injini, yenye masizi. Mvuke wa oili unaorudi kutoka kwenye injini huganda pembezoni mwa kile kibati, na hewa kidogo inayotakiwa gari likiwa limetulia inakosa njia. Safisha kwa dawa ya kabureta iliyomwagiwa kwenye kitambaa, injini ikiwa imezimwa na swichi imetolewa. Kama kibati kinaendeshwa kwa umeme usikisukume kwa kidole swichi ikiwa "ON". Baada ya kusafisha sailensa inaweza kuwa juu kwa muda, iache kompyuta ijifunze upya.

Mpira wa hewa uliopasuka hutoa dalili hiyohiyo. Wengine hupulizia petroli kwenye mpira ili wasikie mlio ukibadilika. Mimi napulizia maji kwa chupa ya kinyunyizio, yananitosha.

Linakunywa mafuta, moshi mweusi

Uliza swali ambalo wengi hawalitegemei: thamostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate moto, ipo? Mafundi wetu wana mkono mwepesi wa kuitupa gari likichemka mara moja. Bila thamostati injini inachelewa kupata moto, hasa ukiwa kwenye mwendo kwenda Magu au Usagara, na kompyuta inaendelea kuongeza mafuta ikidhani bado ni asubuhi. Rudisha thamostati kabla ya kununua sensa yoyote. Halafu filta ya hewa, sensa ya oksijeni, nozo inayovuja. Na zungusha tairi kwa mkono, maana breki iliyoganda nayo inakula mafuta bila kutoa moshi.

Dawa za chupa

Zinasaidia, lakini si kila zinachoandika. Zenye kemikali ya PEA ndizo ninazoziamini kwa utando laini kwenye nozo; tafuta herufi hizo kwenye lebo, fuata kipimo cha tenki, mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Haziondoi maji mengi, hazifungui filta, hazifufui pampu. Tenki lenye tope usilitie dawa kabla ya kulisafisha, kwa sababu kilicholegea kitaelekea mbele. Na wenye injini za D-4, ambazo nozo hupuliza ndani ya silinda moja kwa moja, wajue kwamba mafuta hayaoshi vali za kuingizia hewa, hivyo masizi ya huko hayaondolewi na chupa ya tenkini.

Sasa nozo

Umefika hapa, tenki ni safi, filta mpya, presha sawa, moto sawa, na silinda moja bado inabaki nyuma. Zivue sasa. Zipelekwe kwenye mashine ya kuosha kwa mawimbi ya sauti yenye mirija ya kupimia, na usimame pale uone mirija minne ikijaa, kabla na baada. Ikibaki nyuma ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 baada ya kuoshwa, mimi siirudishi. Ringi za mpira zote mpya, zipakwe oili safi kidogo kabla ya kuingizwa. Ringi iliyokatika itavujisha petroli juu ya injini ya moto.

Wenye dizeli

Hiace, Hilux na Canter za samaki zina sedimenta (kikombe cha kunasa maji) chini ya filta. Taa ya maji ikiwaka dashibodi, simama siku hiyo. Weka chombo chini, legeza kizibo cha chini mizunguko miwili hivi, pampu kwa mkono mpaka dizeli safi itoke, kaza, endelea kupampu mpaka kipampu kiwe kigumu. Hewa ikibaki, gari halitawaka au litazima baada ya dakika moja.

Ukikuta utando mweusi unaoteleza kama mlenda kwenye filta, hao ni vijidudu vinavyoota pale maji na dizeli vinapokutana. Kubadilisha filta peke yake hakutoshi, tenki lioshwe. Kwa injini za presha kubwa, zinazofika bar 1,350 na kuendelea, usilegeze laini injini ikiunguruma ili "kutafuta hewa" kama tulivyofanya kwenye za zamani. Mchirizi wa presha hiyo unapenya ngozi kama sindano, na jeraha dogo la namna hiyo linahitaji daktari saa ileile. Aliyejaziwa petroli kwenye dizeli asiwashe hata kusogeza gari, alisukume.

Baada ya kufunga

Rudisha fyuzi, betri, washa mara ya kwanza bila siti ya nyuma kurudishwa. Tazama kila jointi uliyoigusa kwa tochi, pitisha karatasi kavu chini yake. Zima, subiri dakika kumi, tazama tena. Mpeleke mteja mlimani palepale alipolalamikia, yeye akiwa kwenye usukani. Usiku gari lilale limefungwa vioo. Asubuhi, kabla ya stata, fungua mlango wa nyuma uingize pua: ukisikia petroli, mfuniko wa pampu haujakaa, na usiwashe mpaka umeufungua tena.